Tela Likisumbua: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu, Kuanzia Kingipini Hadi Taa za Nyuma

Hitilafu nyingi za tela hujitokeza mahali pamoja huku zikiwa zimeanzia pengine. Tairi linalolika upande mmoja mara nyingi halina kosa lolote, ekseli ndiyo iliyokaa mshazari. Busta, yaani chemba ya upepo ya breki, inayosukuma fimbo yake mbali kupita kiasi yaweza kuwa nzima kabisa, ila bushi za kemu (mhimili unaopanua viatu vya breki) zimeisha. Taa zinazofifia kila breki inapokanyagwa hazidai balbu mpya, zinadai ethi safi. Anayebadilisha kinachoonekana na kuacha kilichosababisha atanunua kipuri kilekile tena baada ya muda mfupi.

Tunazungumzia hapa tela linaloegemea kichwa cha lori kwa kingipini (pini nene ya chuma chini ya tela) na sahani (bamba la kichwa lenye taya za kuishika pini hiyo), lenye ekseli mbili au tatu na breki za upepo za dramu. Vipimo vilivyomo ni vile vya kawaida vya tela la aina hiyo. Kibao cha mtengenezaji kilichopo kwenye ekseli, busta au sahani kikitoa kipimo kingine, hicho ndicho cha kufuata.

Jambo moja kabla hujalala chini ya tela. Kazi nyingi za kupima breki zinataka breki za maegesho ziwe zimeachiwa, maana yake kinacholizuia tela lisiondoke ni kabari tu. Egesha mahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya upande mmoja wa kichwa na upande mmoja wa tela, na usitegemee jeki peke yake kushikilia mzigo. Ukishanyanyua, weka stendi chini ya ekseli.

Kuunganisha: amini macho, mvuto hautoshi

Ajali mbaya ya kuunganisha ni ile ambayo kingipini imepanda juu ya taya za sahani badala ya kuingia ndani yake. Dereva hurudi nyuma, husikia mlio wa chuma, huvuta mbele kidogo, tela linakuja, naye huondoka. Kumbe kichwa cha kingipini kimekaa juu ya taya, na bonde la kwanza au breki kali ya kwanza litalitoa. Kwa hiyo jaribio la kuvuta ni la lazima, lakini halithibitishi kitu likiwa peke yake.

Sababu ya kingipini kupanda juu ni urefu wa tela. Kabla ya kurudi nyuma, bamba la chini la tela linatakiwa liwe chini kidogo ya usawa wa sahani, ili sahani iingie chini ya bamba na kulinyanyua. Tela likiwa juu, kingipini hupita juu ya taya. Likiwa chini mno, litagonga fremu ya kichwa au ukingo wa sahani. Rekebisha kwa miguu ya tela, wala usitegemee kusukuma kwa nguvu.

Baada ya kufungia, shuka na tochi na uangalie mambo matatu. La kwanza, hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na bamba la tela. Ukiuona mwanga, simama hapohapo. La pili, ingia nyuma ya sahani na uangalie taya: lazima ziwe zimeishika shingo ya kingipini, ile sehemu nyembamba, wala si kichwa chake. La tatu, mpini wa kufungulia umerudi ndani kabisa na kizuizi chake kimekaa mahali pake. Hapo ndipo unavuta taratibu huku breki za tela zikiwa zimeshika, kisha unapandisha miguu yote juu na kuuhifadhi mpini wake.

Sahani ikikataa kufunga, chanzo huwa kimoja kati ya hivi: taya hazikufunguka tangu mara ya mwisho, grisi ya zamani imegandamana na mchanga hadi taya haziwezi kusogea, springi ya kufungia imekatika, au kingipini imepinda. Safisha kwanza. Grisi iliyochanganyika na mchanga inasaga chuma, na kuongeza grisi mpya juu yake ni kuongezea kazi ya kusaga. Ikwangue yote, osha kwa kisafishio, kausha, kisha paka grisi ya shinikizo kubwa yenye grafaiti au molibdenamu juu ya sahani, ndani ya taya na kwenye shingo ya kingipini.

Ikikataa kufunguka, mara nyingi taya zimebanwa na mvuto wa tela, hasa ukiwa umeegesha kwenye mteremko. Acha breki za tela zimeshika, rudi nyuma kidogo hadi kichwa kiegemee kingipini, funga breki za kichwa, kisha vuta mpini. Isipofunguka, sukuma nyuma tena badala ya kuupiga mpini kwa nyundo. Mtu yeyote asisimame kati ya kichwa na tela wakati wa zoezi hili, hata kama ni sekunde chache.

Kugonga kunakosikika unapoondoka na unapofunga breki ni nafasi kati ya taya na kingipini. Kingipini ya inchi 2 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 50.8 kwenye shingo na milimita 73 sehemu ya juu inayofuata. Inapofika milimita 49 kwenye shingo, au 71 pale juu, imemaliza kazi. Pima kwa kalipa katika pande mbili tofauti, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, kwa sababu kingipini hailiki kwa mviringo: mvuto na breki huila mbele na nyuma zaidi. Kingipini ikiwa nzima, kosa liko kwenye taya. Sahani nyingi zina skrubu ya kupunguza nafasi hiyo, na ikifika mwisho wa urekebisho, taya hubadilishwa. Kamwe usijaze kingipini iliyolika kwa kuchomelea. Joto hubadilisha ugumu wa chuma chake, na itakatika bila kutoa dalili.

Sahani kavu ina dalili yake pia: usukani unakuwa mzito kwenye kona, na lori hukawia kunyooka baada ya kona. Watu wengi huanza kuhangaika na usukani wakati kinachohitajika ni grisi.

Upepo unaovuja

Mfumo wa upepo ukijaa huwa kati ya psi 100 na 125 hivi, yaani baa 7 hadi 8.5. Kabla ya kutafuta tundu, pima kama kweli kuna uvujaji wa kukutia wasiwasi. Jaza upepo, weka kabari, achia breki zote za kichwa na tela, zima injini, subiri geji itulie, kisha hesabu dakika moja. Kichwa na tela vikiwa pamoja, geji isishuke zaidi ya psi 3. Halafu kanyaga breki mpaka mwisho na ushikilie. Baada ya ule mshuko wa mwanzo, isishuke zaidi ya psi 4 kwa dakika. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili inakuambia pa kwenda. Ikivuja wakati umeachia, tazama laini ya akiba (ile yenye upepo muda wote) na upande wa springi wa busta. Ikivuja unapokanyaga tu, tazama laini ya breki na upande wa kanyagio.

Sehemu inayovuja kuliko zote ni raba za viungio vya upepo kati ya kichwa na tela. Ni vitu vidogo mno, na asiye nazo za akiba kwenye kisanduku cha vifaa atalala barabarani kwa ajili ya kipande cha raba. Baada ya hapo kagua paipu zinapopinda, zinaposuguana na fremu na zinapokaribia ekseli. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia yanaonyesha mengi kuliko masikio.

Kisa kinachowasumbua hata mafundi wazoefu ni upepo unaotoka mfululizo kwenye tundu la chini la valvu ya rilei, ile inayopeleka upepo kwenye busta, huku breki zikiwa zimeachiwa. Wengi hununua valvu mpya, wanaifunga, na upepo unaendelea kutoka palepale. Sababu ni kwamba busta yenye springi ina vyumba viwili, na kati yake kuna sili inayozunguka fimbo. Sili hiyo ikifa, upepo wa chumba cha springi unapenya kwenda chumba cha breki, unarudi kwenye paipu ya breki hadi kwenye rilei, na unatokea kwenye tundu lake. Namna ya kumnasa mhalifu ni rahisi: breki za maegesho zikiwa zimeachiwa na hakuna aliyekanyaga breki, fungua paipu ya breki kwenye busta moja baada ya nyingine. Busta itakayotoa upepo kwenye tundu lake la breki ndiyo iliyokufa. Ikiwa hakuna inayotoa, basi sasa unaweza kuilaumu valvu.

Toa maji kwenye matangi ya tela. Maji huosha mafuta ya valvu na kuleta kutu, na kutu ikisafiri hufanya valvu zishindwe kukaa vizuri. Ukiona majimaji mazito yenye rangi ya maziwa, hiyo ni mafuta ya kompresa yaliyochanganyika na maji. Tatizo liko kwenye kichwa, kwa kompresa au kikaushio cha upepo, wala si kwenye tela.

Breki zisizoachia

Usikimbilie kufungua busta. Fuata upepo kutoka mbele kwenda nyuma:

1. Geji ya kichwa imefika kiwango chake? Springi za busta huanza kushika upepo unaposhuka kati ya psi 45 na 20, na kuziachia kikamilifu kunataka upepo mwingi zaidi ya huo.
2. Kitufe cha kupeleka upepo kwenye tela kimesukumwa? Na tela lenyewe, kama lina kitufe chake cha maegesho pembeni, kimerudishwa mahali pa kuendeshea?
3. Paipu hazikubadilishana? Nyekundu ni ya akiba, ile yenye upepo muda wote. Ya breki ni ya njano au ya buluu kutegemea nchi lilikotengenezwa. Zikibadilishana, upepo wa akiba unaingia kwenye laini ya breki, matangi ya tela hayajai, na springi haziachii. Hilo ni jambo la heri, kwa kuwa angalau tela halitoki. Tela la zamani lisilo na breki za springi ndilo la kuogopa: litaondoka vizuri kabisa, na hutajua kwamba halina breki mpaka uzihitaji.
4. Vali za kufungia laini nyuma ya kichwa, kama zipo, ziko wazi?
5. Matangi ya tela yamejaa? Fungua kidogo koki ya kutolea maji. Yakiwa matupu wakati laini nyekundu ina upepo, valvu ya dharura ya tela imekwama au imeziba.

Ikiwa upepo unafika kwenye busta zote na gurudumu moja tu halizunguki, basi ni busta hiyo, au viatu vya breki vimeganda kwenye dramu baada ya tela kusimama muda mrefu kwenye unyevu. Viatu vilivyoganda huachia ukigonga dramu kwa nyundo, au ukisogeza tela mbele na nyuma taratibu.

Busta ikiwa imepasuka ndani na lazima uondoke barabarani, springi yake inaweza kufungiwa kwa ile bolti ndefu inayokaa kwenye mfuko wa pembeni wa busta yenyewe. Weka kabari kwanza. Toa kifuniko cha raba nyuma ya busta, ingiza bolti mpaka iguse ndani, izungushe robo ya duara ishike, kisha kaza nati yake kwa spana ya mkono hadi springi ivutwe na fimbo irudi. Usitumie mashine ya upepo kukaza. Gurudumu hilo sasa halina breki ya maegesho, kwa hiyo ni la kukufikisha gereji tu. Na usiifungue kamwe bangili inayoshikilia chumba cha springi: springi iliyomo ndani imebanwa kwa nguvu inayotosha kuua mtu.

Fimbo ya busta inayotoka mbali

Breki dhaifu zisizo na uvujaji wa upepo zinaanzia hapa mara nyingi. Pima hivi. Breki zote zikiwa zimeachiwa, piga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapoingia kwenye busta. Zima injini, kanyaga na kuachia breki mara chache hadi geji isome kati ya psi 90 na 100, kisha mwenzako akanyage mpaka mwisho na ashikilie. Pima umbali kutoka busta hadi alama. Kwa busta ya aina ya 30 ya kawaida, mwisho ni milimita 51; ile ya fimbo ndefu, inayotambulika kwa matundu yake ya upepo yenye umbo la mraba, ni milimita 64. Aina ya 24 ya kawaida mwisho wake ni milimita 44. Karibu na mwisho huo nguvu ya busta inaporomoka, na ukishuka mlima dramu inapanuka kwa joto na kula ile nafasi ndogo iliyobaki.

Kama slaki, yaani mkono unaounganisha fimbo ya busta na kemu, ni ya kurekebishwa kwa mkono, nyanyua gurudumu, bonyeza kizuizi cha nati, kaza hadi lainingi (nyuso za viatu zinazosugua) ziguse dramu, kisha regeza robo hadi nusu ya mzunguko mpaka gurudumu lizunguke huru. Angalia kemu wakati unakaza. Ikizunguka upande wa kuachia viatu, unageuza nati kinyume.

Kama slaki ni ya kujirekebisha yenyewe, usiikaze ili kupunguza umbali. Hapa ndipo kosa kubwa la gereji nyingi lilipo. Slaki ya aina hiyo ikizidi umbali, ina maana ama yenyewe imekufa au kitu kingine kinailazimisha. Ukiikaza, breki zitapendeza siku hiyo na zitarudi zilikokuwa, na kila ukaze wa namna hiyo unazidi kuimaliza ndani. Kagua kwanza bushi za kemu: shika kemu na uinyanyue juu na chini, ikicheza kwa kuonekana, bushi zimeisha. Kagua pini za kuunganisha fimbo na slaki, springi za kurudisha viatu, roli za kemu, na kama mkono wa kujirekebisha umefungwa kwa pembe sahihi. Halafu unene wa lainingi: ikifika milimita 6.4 katikati ya kiatu, badilisha.

Lainingi iliyolowa mafuta ya habu (kitovu cha gurudumu) haisafishiki. Petroli na moto vinaondoa mafuta ya juu tu, na yale yaliyonywewa ndani yanatoka tena breki zikipata joto. Badilisha sili kwanza, kisha lainingi za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, la sivyo tela litavuta upande mmoja. Dramu yenyewe ina kipenyo cha mwisho kilichochongwa pembeni yake. Nyufa ndogo za juujuu zinazotokana na joto ni za kawaida. Ufa uliofika ukingoni au uliopenya unamaliza dramu, hata kama kipenyo bado kiko sawa.

Habu yenye joto, na habu yenye baridi

Kipimajoto cha miale ni miongoni mwa vifaa vyenye faida kubwa kuliko bei yake. Baada ya kuendesha kwa muda, simama taratibu bila breki kali, kisha pima kila habu na kila dramu. Linganisha gurudumu na mwenzake wa ekseli ileile. Habu moja iliyoachana na nyingine kwa joto ina beringi inayokufa au breki inayokokota. Dramu moja iliyo baridi wakati nyingine zote ni moto haifanyi kazi, na ni tatizo kubwa vilevile ingawa hakuna anayeikimbilia. Zikiwa zote moto sana, angalia namna breki zinavyotumika kwenye miteremko.

Kutofautisha beringi na breki: nyanyua gurudumu, achia breki, zungusha kwa mkono. Likiwa zito kwa usawa, ni breki. Likiunguruma au kukwama kwa vipindi, ni beringi. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ulikuwa kwenye beringi.

Kurekebisha beringi za nati mbili zenye nyuzi 12 kwa inchi kunataka toki spana, na mkono hauwezi kukisia:

1. Kaza nati ya ndani hadi Nm 270 huku ukizungusha gurudumu, ili roli zikae mahali pake.
2. Regeza mzunguko mmoja kamili.
3. Kaza tena hadi Nm 68, ukiendelea kuzungusha.
4. Regeza robo ya mzunguko.
5. Weka washa ya kufungia na nati ya nje, kaza kwa kipimo cha mtengenezaji.
6. Pima mchezo kwa geji ya saa: unatakiwa uwe kati ya milimita 0.025 na 0.127.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayothibitisha zile tano. Kukaza nati ya nje kunasogeza ya ndani kidogo, kwa hiyo ulichopima kabla yake si kile kitakachokwenda barabarani. Beringi ikibadilishwa, badilisha na bakuli lake, hata kama linang'aa. Usichanganye grisi mbili za aina tofauti, na usizungushe beringi kwa upepo wa kompresa wakati wa kuisafisha.

Matairi, nati na ekseli iliyokaa mshazari

Namna tairi linavyolika ni habari kamili kwa anayeisoma. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ni mdogo au mzigo umezidi. Likiisha ukingo mmoja tu, au uso wake ukiwa laini ukipapasa upande mmoja na wenye makali ukirudisha mkono, ekseli haijanyooka. Mabaka bapa yametokana na gurudumu lililofunga na kuburuzwa.

Matairi pacha yanatakiwa kulingana. Mzingo ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 40 kwa matairi makubwa, lile kubwa linabeba mzigo wa mwenzake na dogo linaburuzwa. Pima upepo yakiwa baridi, na usiliruke la ndani. Tairi lililopungukiwa asilimia 20 au zaidi ya upepo wake lihesabu kuwa limekwenda bila upepo: lifunguliwe na likaguliwe ndani ya ubavu, kwa maana tairi lenye nyuzi zilizokatika laweza kupasuka wakati wa kujaza. Rimu za pete zijazwe ndani ya kizimba, na upepo utolewe wote, pacha zote mbili, kabla ya kulegeza nati.

Nati za M22 kwenye rimu zinazokaa juu ya habu hukazwa kwa Nm 610 hadi 680, kwa mpangilio wa kuvuka upande hadi upande, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati ni nati iliyolegea. Bolti moja ikikatika, badilisha na mbili za jirani yake, kwa sababu zilibeba mzigo wake. Zikikatika mbili au zaidi, badilisha zote.

Kupima ekseli hakuhitaji mashine. Tela likiwa tupu, livute mbele moja kwa moja kwenye sakafu tambarare na uachie breki ili ekseli zitulie. Teremsha timazi kutoka katikati ya kingipini na kutoka ncha zote mbili za ekseli ya mbele ya tela, piga alama chini, kisha pima kwa futi ya chuma. Umbali wa kushoto na wa kulia usitofautiane zaidi ya milimita 3. Kisha pima kutoka ekseli ya mbele hadi zinazofuata, kila upande. Hapo tofauti isizidi milimita 1.5. Ikizidi, usikimbilie kuzungusha kirekebishi cha mkono wa ekseli. Kagua kwanza bushi zake, yu-bolti na senta bolti. Senta bolti iliyokatika inaiachia ekseli itembee juu ya springi, na ukirekebisha bila kuibadilisha, itarudi mshazari.

Yu-bolti zikilegea, springi hupinda mahali palipotakiwa kutulia, na bamba hukatika karibu na katikati. Bamba lililokatikia hapo linakuambia kwamba kukaza kuliachwa. Yu-bolti zikitolewa, weka mpya, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Miguu na taa

Miguu ya tela ina gia mbili: nyepesi ya kunyanyulia mzigo na ya kasi ya kuteremshia mguu hadi ardhini. Kunyanyua tela lenye mzigo kwa gia ya kasi ndiko kunakokata meno. Mguu mmoja ukisogea na mwingine ukabaki, bolti ya fimbo inayounganisha miguu miwili imekatika. Mguu uliopinda haunyooshwi.

Taa zikifanya mambo ya ajabu, indiketa ikiwaka pamoja na breki au taa zote zikififia kwa pamoja, anza na waya mweupe wa ethi. Umeme unaokosa njia ya kurudi unapita kwenye balbu nyingine. Kwenye plagi ya pini 7, mweupe ni ethi, wa njano indiketa ya kushoto, wa kijani ya kulia, mwekundu taa za breki, na mweusi na wa kahawia taa za pembeni na za nyuma. Safisha pini na ukaze mahali ethi inapofungwa kwenye fremu, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kisha pima volti nyuma ya tela taa zikiwa zimewashwa, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi chache huonyesha volti kamili usipokuwa na mzigo.

Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge wakati wa breki) isiyozimika mara nyingi ni sensa iliyosukumwa nyuma na kuachana na pete yake ya meno. Isukume kwa mkono hadi iguse pete, na gurudumu likizunguka litajipangia nafasi. Ikirudi nyuma tena, beringi ya gurudumu hilo inacheza, na kazi yako iko kwenye nati za habu. Na kabla ya mtu yeyote kuchomelea kitu kwenye fremu, chomoa plagi zote kati ya kichwa na tela, na ethi ya mashine ifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, umeme usije ukapitia kwenye beringi au kompyuta ya ABS.